Ampu ya hedifoni kwa laptopu yako: jinsi ya kujua kama unaihitaji na uchague ipi

Wakuu, swali ni lilelile kila siku, "nina laptopu na hedifoni, sauti hainiridhishi, ninunue ampu gani?" Halafu majibu yanayomiminika ni majina ya ampu tu, huyu hii yule ile, hamna hata mmoja aliyeuliza hedifoni yenyewe ni ipi wala hiyo sauti hairidhishi kivipi. Nimeona niandike yote sehemu moja, hasa kwa sisi wa huku Mwanza ambao kitu kama hiki mara nyingi unaagiza Dar au nje kabisa, kinakuja na basi, ukikosea kukirudisha ni mtihani.

Niseme mapema ninachoamini. Watu wanaita "sauti mbaya" matatizo matatu tofauti kabisa. La kwanza, sauti haitoshi hata ukifungua mpaka mwisho, hilo dawa yake ni ampu, yaani kifaa cha kukuza nguvu ya sauti. La pili, kuna kelele, mvumo, msssss au mikwaruzo nyuma ya muziki, hilo dawa yake ni DAC ya nje inayokaa kwenye USB, yaani kile kifaa kinachogeuza data za wimbo kuwa umeme wa sauti. La tatu, sauti inatosha na ni safi ila haikunogei, besi haipo au kali sana juu, na hilo ndugu yangu kwa sehemu kubwa ni hedifoni yenyewe au ekwalaiza, ile programu ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, ambayo ni ya bure. Ukijua lako ni lipi kazi imeshaisha nusu.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Jina kamili la hedifoni yako pamoja na modeli. Usiseme tu "Beyerdynamic", maana DT 770 Pro kwa mfano zipo za omu 32, za omu 80 na za omu 250, kwa macho zinafanana lakini mahitaji yake hayafanani hata kidogo.
- Namba mbili kutoka kwa mtengenezaji: impidansi (ukinzani wake kwa umeme, kwa omu) na usikivu (ukubwa wa sauti inayotoa ikipewa umeme kiasi fulani, kwa desibeli). Kwenye usikivu angalia sana kama wameandika kwa miliwati moja au kwa volti moja, nitaeleza kwanini.
- Laptopu yenye chaji ya kutosha ili uweze kuchomoa chaja.
- Nyimbo chache unazozijua vizuri, faili zenye ubora sio zile zilizopita kwenye WhatsApp mara kumi. Uwe na moja ya utulivu, kwaya bila ala nyingi inafaa sana, na moja yenye ngoma nzito, rekodi ya bugobogobo iliyorekodiwa vizuri itakuonyesha besi haraka kuliko kitu chochote.
- Chumba kimya. Kama unakaa Makoroboi au Kirumba karibu na barabara subiri usiku.
- Malti mita ukiweza kuazima kwa fundi, iwe inasoma volti ndogo za AC. Sio lazima.

Hatua ya 1: Fungua kwanza sauti iliyofungwa bure

Watu wengi wanaishia hapa na hela yao mfukoni. Spotify kuna setingi ya kusawazisha sauti za nyimbo, inakuja ikiwa imewashwa na inapunguza sauti ya nyimbo nyingi za kisasa, izime ujaribu. YouTube nayo inapunguza sauti ya video zilizorekodiwa kwa sauti kubwa, hiyo huwezi kuizima, kwa hiyo usipime ampu wala hedifoni kwa YouTube peke yake. Kwenye Windows ingia setingi za sauti, chagua hedifoni, zima maboresho yote ya sauti, halafu fungua ile orodha ya sauti ya kila programu maana unaweza kukuta sauti ya kompyuta ni 100 lakini kivinjari kimeachwa kwenye 40 tangu mwaka jana. Pia safisha jaki ya hedifoni, huku ziwani unyevu na vumbi vinafanya kazi yao, plagi isiyoingia mpaka mwisho inatoa sauti ndogo au ya upande mmoja.

Umefanya yote hayo na bado? Endelea.

Hatua ya 2: Pima kelele

Vaa hedifoni, weka sauti kiwango unachosikilizia kila siku, halafu simamisha wimbo. Sikiliza. Sasa chomoa chaja. Kelele imepungua au imeisha? Basi inaingia kwa njia ya chaja. Haijabadilika? Sogeza kipanya, fungua kurasa kadhaa, kopi faili kubwa, ukisikia vimluzi vinavyobadilika kufuata kazi ya kompyuta basi kelele inatoka ndani ya laptopu yenyewe, saketi ya sauti imekaa jirani na vitu vingine vyote na inaokota kila kitu.

Hapa ndo watu wanapopoteza hela zaidi, kwa hiyo soma taratibu. Ukinunua ampu peke yake ukaichomeka kwenye jaki ya hedifoni ya laptopu, ampu itakuza muziki pamoja na kelele. Haina namna ya kujua kipi ni kipi. Mtu ana msssss, ananunua ampu ya bei, anapata msssss mkubwa zaidi, anasema ampu mbovu. Tatizo likiwa kelele inabidi uitoe sauti nje kupitia USB, ndo maana ya DAC.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya volti

Hesabu ni ya dakika mbili na ndo inayokata ubishi wote. Tunataka vifaa viweze kufika desibeli 110 kwenye vilele vya muziki, yaani ule mpigo wa ngoma wa ghafla, na narudia ni vilele, sio kiwango cha kusikilizia. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 zisizidi masaa 40 kwa wiki, ukienda juu zaidi muda unapungua haraka sana. Masikio hayana spea.

Kama usikivu umeandikwa kwa miliwati: toa namba hiyo kwenye 110, ukipata 10 unahitaji miliwati 10, ukipata 13 ni miliwati 20, kila desibeli 3 zinazoongezeka nguvu inazidishwa mara mbili. Halafu chukua nguvu hiyo kwa wati, zidisha kwa omu, tafuta kipeuo cha pili, hizo ndo volti zako.

Mifano ya hedifoni zinazoulizwa sana:

Audio-Technica ATH-M50x, omu 38, desibeli 99. Pengo ni 11, kama miliwati 12.6, volti zinatoka karibu 0.7.

Sennheiser HD 600, omu 300, desibeli 97. Pengo 13, miliwati 20, volti karibu 2.45.

Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250, desibeli 96. Pengo 14, miliwati 25, volti 2.5.

Sasa linganisha na laptopu. Jaki nyingi za laptopu zinatoa jirani na volti 1, nyingine chini ya hapo. Kwa hiyo mwenye M50x anatoshelezwa na laptopu yake tayari, ampu haitamwongezea nguvu anayoihitaji, na akisema haisikiki arudi hatua ya 1. Mwenye HD 600 kwa volti 1 anapata vilele vya kama desibeli 102, zitasikika, tena kwa nyimbo za kisasa zilizobanwa ziwe na sauti kubwa muda wote zitatosha kabisa, ila akiweka kwaya iliyorekodiwa kwa sauti ya chini ndo ataona anafungua mpaka mwisho na bado anatamani. Huyo ana haki ya kununua ampu.

Kama usikivu umeandikwa kwa volti, kama Sennheiser walivyofanya kwa HD 650 (desibeli 103 kwa volti 1), ni rahisi zaidi: kila desibeli 6 volti zinazidishwa mara mbili, pengo la 7 ni karibu volti 2.2. Umeona mtego? 103 inaonekana kubwa kuliko 97 ya HD 600, mtu anadhani HD 650 ni nyepesi sana kuendesha, kumbe kwa miliwati inashuka hadi karibu 98, ni ndugu. Usilinganishe namba mbili kabla hujaona zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Ukiwa na malti mita unaweza kupima laptopu yako mwenyewe: pata faili ya mlio wa herzi 50 uliojaa (kiwango cha juu kabisa), chomeka waya wa sauti kwenye jaki, fungua sauti yote, weka mita kwenye AC, gusa ncha ya plagi ya upande wa pili wa waya na shina lake, usiunganishe hizo sehemu mbili kwa bahati mbaya, na hedifoni isiwe kichwani wala kwenye jaki. Mita za bei nafuu zinasoma vizuri kwenye herzi 50 kuliko kwenye milio ya juu ndo maana nimechagua hiyo.

Wenye MacBook Pro za kuanzia 2021, za inchi 14 na 16, msinunue chochote kabla ya kujaribu. Jaki zake zinatambua hedifoni ya omu 150 kwenda juu na kupandisha hadi volti 3, hiyo inabeba HD 600 bila kifaa cha ziada.

Hatua ya 4: Angalia impidansi ya upande wa ampu

Hii ni fupi. Ampu yenyewe ina impidansi ya kutolea, na inatakiwa isizidi moja ya nane ya omu za hedifoni. Hedifoni ya omu 32 inataka ampu isiyozidi omu 4. Ikizidi, baadhi ya hedifoni na hasa iafoni (zile ndogo za kuingia ndani ya sikio) zenye vispika vingi ndani zinabadilika sauti, besi inavimba au sehemu nyingine inazama. Ampu za kisasa za maana nyingi ziko chini ya omu 1 au 2, ila jaki za laptopu za zamani na mikser za bei rahisi zinaweza kuwa juu sana. Muuzaji asipotaja namba hii kabisa mahali popote, mimi naruka.

Hatua ya 5: Chagua njia moja kati ya hizi

Adapta ndogo ya USB-C kwenda jaki ya milimita 3.5. Usiidharau kwa umbo lake. Ile ya Apple Marekani inauzwa dola 9, ndani ina DAC na ampu, ile ya soko la Marekani inatoa kama volti 1 na impidansi yake ya kutolea ni ndogo. Kwa mtu wa M50x, Sony MDR-7506 au iafoni ambaye shida yake ni kelele ya laptopu, hiyo ndo jibu na ningeishia hapo. Angalizo mawili: ile ya soko la Ulaya imefungwa nusu ya volti, na kwenye simu nyingi za Android inatoa sauti ndogo, lakini sisi tunaongelea kompyuta.

DAC na ampu kwenye boksi moja. Hii ni kwa mwenye hedifoni za omu 250 au 300 ambaye pia laptopu yake ina kelele, au anayetaka nobu ya sauti mezani. Zipo zinazokula umeme wa USB tu kama FiiO E10K, zipo zenye adapta yake ya ukutani kama FiiO K7 iliyotoka 2022. Kwa wengi wanaouliza hili swali wakiwa na hedifoni ngumu, njia hii ndo naipendekeza, waya chache, kitu kimoja cha kuharibika.

Ampu peke yake, kama Atom ya JDS Labs au Magni ya Schiit. Hizi zina nguvu kuliko mahitaji ya hedifoni karibu zote nilizotaja. Chukua hii kama tayari una DAC safi, au kama laptopu yako imepita mtihani wa kelele na unakosa volti tu.

Halafu kuna kundi la nne ambalo halijijui: nyie mnaorekodi kwaya na bongo fleva nyumbani, wanafunzi wa chuo pale Malimbe mnaohariri vipindi vya redio, kama una saundi kadi ya studio ya USB tayari una DAC na ampu ya hedifoni mle ndani. Chomeka hedifoni hapo usikilize kwa siku kadhaa kabla ya kutafuta kingine.

Kuhusu ampu za taa (zinazotumia valvu za kioo badala ya transista), zinapendeza sana zikiwaka usiku na kuna wanaopenda ladha yake, ila sio ya kuanzia. Nyingi zina impidansi kubwa ya kutolea na zinatoa joto.

Hatua ya 6: Umeme, na hapa naomba umakini

Tanzania ni volti 230 herzi 50. Kifaa kilichonunuliwa Marekani kinaweza kuja na adapta ya volti 120 peke yake, ukiichomeka ukutani inaungua, na wakati mwingine inaondoka na ampu. Dai picha ya maandishi ya nyuma ya adapta: iwe imeandikwa 100-240V, au 220-240V. Pia soma upande wa kutolea. Atom na Magni zinatumia adapta inayotoa AC, sio DC kama chaja za kawaida, kwa hiyo ile yako ikifa usimruhusu mtu akupe adapta yoyote "inayoingia tundu".

Ethi, yaani waya wa usalama unaoenda ardhini. Mji wetu umekaa juu ya mawe, na mwamba mkavu haupitishi umeme kama udongo wenye unyevu, kwa hiyo nyumba za milimani kama Mabatini, Igogo na kwingine ethi inaweza kuwa dhaifu au ikawepo kwenye soketi kwa jina tu. Dalili: ukigusa bodi ya chuma ya laptopu ikiwa kwenye chaja unahisi kama vitu vinakutekenya, na kwenye hedifoni kuna mvumo. Fundi umeme apime ethi yako, hiyo ni usalama wa nyumba nzima sio muziki tu.

Radi. Ziwa letu linatengeneza mvua za radi usiku kwa wingi, na ampu yenye adapta ya ukutani iliyounganishwa na laptopu ni njia nzuri ya kuua vyote viwili kwa pamoja. Frijigadi inasaidia umeme ukipanda na kushuka, kwa radi ya karibu haitoshi, ukisikia ngurumo chomoa ukutani. Kama umeme wa mtaa wako hautabiriki, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kupendelea kifaa cha USB kinachokula kwenye betri ya laptopu.

Hatua ya 7: Kununua

Kwenye duka la hapa mjini nenda na hedifoni yako na laptopu yako, muombe mwenye duka ujaribu, akikataa kabisa shukuru uondoke. Ukiagiza Dar muombe muuzaji akurekodie video kifaa kikiwa kinawaka, sauti ikitoka pande zote mbili, nobu ikizungushwa, na maandishi ya adapta yasomeke. Bei uliyotajiwa sio bei ya mwisho, ongeza usafiri, na kama kinatoka nje ongeza ushuru na kodi, uliza kabla ya kulipa. Na hakikisha hedifoni yenyewe sio feki, maana modeli maarufu zinaigwa sana na kwenye feki namba zote za hatua ya 3 hazina maana.

Usinunue kwa namba ya wati peke yake. "Wati 2" hiyo wamepima kwa omu 16 au 32, ukiweka hedifoni ya omu 300 inakuwa ndogo kabisa. Tafuta nguvu iliyotajwa kwa omu zako, isipokuwepo tafuta volti.

Hatua ya 8: Unganisha na uweke sawa

1. Nobu ya ampu iwe sifuri, geini (swichi ya kiasi ampu inachokuza) iwe chini, hedifoni isiwe kichwani.
2. Chomeka USB moja kwa moja kwenye laptopu, sio kwenye habu iliyojaa flashi na kipanya.
3. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 inaitambua DAC ya kisasa yenyewe, Mac na Linux pia. Windows 7 utahitaji draiva ya mtengenezaji.
4. Ichague kuwa kifaa kikuu cha sauti, weka biti 24 na herzi 44,100 au 48,000. Kwenda juu zaidi ya hapo hakukuongezei kitu unachosikia.
5. Sauti ya kompyuta peleka 90 hadi 100, kuanzia hapo tumia nobu.
6. Panda taratibu. Kama nobu inafika mwisho na bado ndogo ndo uweke geini ya juu, na kabla ya kubadili geini rudisha nobu sifuri.

Usitumie kigeuzi kutoka tundu la balansi (lenye nyaya zilizotenganishwa kwa kila sikio) la milimita 4.4 kwenda plagi ya kawaida ya 3.5. Kinaunganisha nyaya ambazo kwenye ampu ya balansi hazitakiwi kugusana, na unaweza kuiua. Na usichomeke hedifoni kwenye tundu la spika za redio hata kama plagi inaingia.

Ukitaka kulinganisha ampu mpya na jaki ya laptopu, sawazisha sauti kwanza, kwa mita ukiweza. Sikio la binadamu linaichagua iliyo juu kidogo hata kama vifaa viko sawa kabisa.

Matatizo yanayojirudia

*Haitoi sauti kabisa.* Kompyuta bado inatuma kwenye spika zake, au programu ya muziki imeshikilia kifaa cha zamani, ifunge uifungue. Waya wa USB pia, kuna nyaya zinazopitisha chaji tu bila data.

*Mvumo wa mmmmm unaoisha ukichomoa chaja.* Laptopu na ampu zote ziko ukutani na zinazungushiana ethi. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi. Ukishindwa, sikiliza kwa betri. Usikate mguu wa ethi kwenye plagi, hata fundi akikwambia ndo dawa, mvumo utaisha na siku hitilafu ikitokea chuma cha kifaa ndo kitabeba umeme.

*Inakatika-katika.* Badilisha tundu la USB, badilisha waya, zima ule mpangilio wa Windows unaolaza USB kuokoa chaji.

*Upande mmoja mdogo ukiwa na sauti ya chini.* Nobu za bei nafuu ziko hivyo mwanzoni mwa mzunguko. Geini iwe chini, punguza sauti ya kompyuta hadi 60 au 70 ili nobu ifanyie kazi katikati. Kama upande ni mdogo hata nobu ikiwa katikati, geuza hedifoni kushoto kulia: udogo ukibaki sikio lilelile shida ni sikio lako, ukihamia sikio lingine jaribu hedifoni nyingine, ukiisha shida ni hedifoni ya kwanza au waya wake, ukibaki kwenye hedifoni nyingine pia ni ampu au waya wa kuingizia.

*Msssss kwenye iafoni hata bila wimbo.* Ampu ina nguvu kuliko iafoni inavyotaka. Geini chini, na kama haitoshi adapta ndogo ya USB itakufaa kuliko hilo boksi.

*Sauti imepasuka kwenye besi.* Umepandisha ekwalaiza bila kushusha sauti ya jumla. Ukiongeza besi desibeli 6, shusha ile sauti ya jumla ya ekwalaiza desibeli 6, halafu fidia kwenye nobu.

*Umefanya yote, ni safi, inatosha, bado haikunogei.* Hilo ni lile tatizo la tatu, weka ekwalaiza ya bure uicheze wiki nzima, na kama bado basi hela ya ampu kubwa zaidi ihamishie kwenye hedifoni nyingine.

Ukiwa na swali weka jina kamili la hedifoni, modeli ya laptopu, na umepata nini hatua ya 2 na ya 3, nitakujibu kwa hizo.